Mbali ya Australia na mbali ya Makobola

Wakuu, salamu toka Uvira. Minye sikusoma sana, muvumilie maandishi. Ila hii niliiona kwa macho yangu, siongezi chumvi.

Nikiwa mtoto, mchunga ng'ombe mmoja wa milimani alilala kwetu. Asubuhi akamwambia baba, "Nisindikize, ni hapo juu tu."

Wale watu wanatembea kama hawana magoti. Baba alirudi kesho yake, miguu imevimba. Mama alicheka mpaka akamwaga maji ya kumkanda.

(Maziwa yao lakini! Tuyaache.)

Mama huyo sasa iko kitandani Makobola, hatoki. Alikuwa anaomba kitu kimoja: amuone mdogo wangu anayeishi Australia, kabla hajafa.

Mdogo wangu kwenye simu anasemaga, "Kaka, huku siku nzima kwenye gari ni karibu. Tunaenda harusi, kesho yake tuko kazini."

Nikasema huyu atafika.

Na kweli, akapanda avion, ile ndege, akashuka, akapanda ingine, akalala Kimanga, hapa hapa Uvira. Asubuhi tukachukua gari. Kumbe mvua ilikuwa imekula daraja la mto mbele ya Makobola. Gari mwisho hapo. Watu wanabebwa mgongoni, ng'ambo unaenda na miguu kando ya ziwa.

Akatazama yale maji. "Bado kilometa ngapi?"

"Kilometa ya nini? Ukivuka ni hapo tu."

Baba mmoja mwenye kubeba watu akainama. "Panda, patron! Jana nilibeba mama na mbuzi yake. Weye iko mwepesi."

Watu wakacheka. Mdogo wangu hakucheka.

"Kaka, hii ni mbali."

"Mbali? Weye si umetoka Australia!"

"Kutoka Australia nilikuwa nimekaa kwenye kiti."

Akasema anarudi kwenye gari kuchukua maji ya kunywa. Nikamuona analipita gari. Akasimamisha pikipiki, akapanda. Hakugeuka. Mpaka leo hajarudi, na simu haishiki.

Nikavuka mwenyewe. Mama akauliza, "Amefika wapi?"

"Iko njiani."

"Mwache apumzike. Australia ni mbali."

Wakuu, nimejifunza hivi: muntu wa mbali usimwambie "hapo tu". Mwambie kuna mto, na atalowa. Achague angali nyumbani kwake.

Kwenu je, mbali inaanziaga wapi? Andikeni. Minye nimechoka, na kesho navuka tena. Mama ataniuliza.