Ng'ombe wa Wamarekani

Likizo ya mwaka wa tatu chuoni nilirudi kijijini kwetu Ulemo na utafiti wangu wa historia, unaohusu wakulima wa Marekani ambao zamani, wakati wa ukame, upepo ulibeba udongo wa mashamba yao. Mama alinisikiliza huku akipepeta alizeti.

"Na ng'ombe wao je?"

Sikujua. Kurasa zangu arobaini hazikuwa na ng'ombe hata mmoja. Niliporudi chuoni nilipekua maktaba siku tatu, kisha nikampigia simu.

"Shikamoo mama. Wengi walinunuliwa na serikali. Waliodhoofu sana wakauawa."

Mama akasema, "Ukiwaandikia, wape pole."

Nikamweleza kwamba wakulima wenyewe walishakufa.

"Basi wape watoto wao."

Niliiandika pole hiyo kwenye ukurasa wa shukrani. Msimamizi wangu alicheka, akaiacha.