Keekee ya Mzee Lampi

Verna Kallio alikuwa na kanuni moja aliyoishika tangu siku alipovaa sare: polisi hachukui kitu cha mtu, kiwe kikubwa au kidogo, mwenyewe awepo, asiwepo, au awe amekufa. Hata kahawa aliilipia. Katika mgahawa wa Peg, ambako polisi wote wa mji ule mdogo wa kando ya Ziwa Superior walikunywa bure, yeye aliacha noti mezani kila asubuhi, na kila asubuhi Peg alimfokea.

"Utanitia aibu mpaka lini, Verna? Kahawa yenyewe imebaki kwenye birika, ningeimwaga."

"Basi imwage, nami nitalipia ya kumwaga."

"Mwanamke mgumu wewe! Mumeo Arvid anakuvumilia vipi?"

"Anakwenda ziwani."

Watu walicheka. Verna mwenyewe hakucheka sana. Mwaka wake wa kwanza kazini alimkamata mama mmoja aliyeficha nyama ya kusaga ndani ya koti la mtoto. Hakimu akampiga faini, jina likatoka kwenye gazeti la mji, na majirani wote wakalisoma. Wiki ileile Verna akamwona polisi mwenzake akitoka katika duka lilelile na katoni ya soda begani, hakusimama pa kulipia, na mwenye duka anampungia mkono. Tangu hapo akajiambia kwamba kama sheria inamfaa yule mama, imfae na aliyemtia pingu.

Sasa alikuwa sajenti, magoti yanamuuma, na pensheni haiko mbali. Alikuwa amechoka kwa namna ambayo usingizi hauiondoi. Katika polisi wachache waliokuwa chini yake, aliyempunguzia uchovu ni Dale Trombley. Dale alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mpiga kelele, mcheshi, na theluji ikianguka alikuwa akiwasafishia wazee njia zao kwa gari lake mwenyewe bila kuombwa. Ni yeye aliyefika wa kwanza nyumbani kwa Rhonda Harju msimu wa majani kupukutika, akamwona kwa macho yake, kupitia dirisha la jikoni, Kip Harju amemshika mkewe nywele na kumgongesha uso kwenye jiko. Rhonda mwenyewe baadaye alisema alianguka. Aliogopa, na hakuna aliyemlaumu. Kip akawekwa rumande, kesi ikabaki imesimama juu ya macho ya Dale peke yake, ikapangwa kusikilizwa mwezi wa Machi.

Mwanzoni mwa Februari Mzee Urho Lampi akafa kwenye kiti chake. Alikuwa akiishi peke yake, na katika mji ule maiti ya mtu wa namna hiyo haiachwi bila mtu. Njia zilizibwa na theluji, gari la mazishi halikuweza kupita, basi Dale akakaa naye kutwa nzima. Verna alifika wakati maiti inatolewa. Alipokuwa akipita barazani bega lake liligusa keekee, kifaa cha kuzungusha kwa mkono cha kutobolea barafu, iliyotundikwa ukutani, ile ambayo mji mzima uliijua, kwa sababu mpini wake ulipovunjika mzee aliunganisha kipande cha fimbo ya mpira wa magongo na kukizungushia utepe mweusi. Ikayumba kidogo, ikatulia. Kisha wakafunga nyumba, na ufunguo akabaki nao Dale mpaka kesho yake.

Wiki chache baadaye, Jumapili mchana, Verna alimpelekea mumewe pai za nyama na viazi kwenye kibanda chake cha kuvulia samaki juu ya barafu ya ziwa. Dale alikuwa jirani hapo, ameinama, anazungusha keekee.

"Sajenti! Umeleta pai ngapi? Mimi nina watoto watatu na njaa ya wanne."

Verna alisimama na pai mkononi. Alikuwa akiangalia mpini.

"Hiyo umeipata wapi, Dale?"

"Hii? Kitu cha kizamani tu hiki."

"Nimekuuliza umeipata wapi."

Dale akaacha kuzungusha. Chuma kikabaki kimesimama chenyewe ndani ya barafu.

"Verna, leo Jumapili bwana."

"Ni ya Lampi."

"Lampi hatoboi tena." Alicheka peke yake. "Mpwa wake yuko Arizona huko kwenye joto, barafu anaiona kwenye glasi. Atakuja mtu wa mnada, atachagua mawili matatu, mengine jalalani. Nilikaa na yule mzee kutwa, Verna. Nilimfunga kidevu kwa skafu yangu mwenyewe. Hakuna aliyeniletea hata chai."

"Alikupa?"

Verna alijua mlango anaoufungua. Maiti haiulizwi. Dale angesema ndiyo, mzee alinipa alipokuwa hai, na yeye Verna angebaki na mwendo wa ile keekee ikiyumba ukutani siku maiti inatolewa, basi, neno lake dhidi ya neno la mtu anayependwa na mji. Dale naye aliujua mlango huo. Aliichomoa keekee kwenye barafu.

"Hapana," akasema. "Niliichukua."

Afadhali angedanganya, Verna aliwaza. Mwongo ni rahisi kumchukia, na yakaisha.

"Kesho asubuhi, ofisini kwa Russ. Uje nayo."

Arvid akatoa kichwa kibandani. "Mwache mtu avue samaki, mke wangu."

"Wewe kula pai yako."

Russ Pascoe, mkuu wa kituo, aliiangalia keekee iliyolazwa mezani kwake kana kwamba ni nyoka. Alimwambia Dale asubiri nje, akafunga mlango.

"Airudishe. Nimkate mshahara wa wiki, nimfokee mpaka masikio yamuume, yaishe humu ndani."

"Hayaishi humu ndani. Polisi akiiba akiwa kazini, tunampelekea habari mwendesha mashtaka. Naye analazimika kumweleza wakili wa kila mtu ambaye Dale ni shahidi dhidi yake."

"Sheria naijua, dada. Ndiyo maana nakuomba. Umemfikiria Rhonda Harju?"

Verna alikuwa amemfikiria usiku kucha.

"Unajua wakili wa Kip atauliza swali gani?" Russ aliendelea. "Moja tu. Wewe si ndiye uliyemwibia marehemu ukiwa unailinda maiti yake? Basi, imekwisha. Kip huyo nyumbani."

"Dale angewaza hivyo alipokuwa anaitungua ukutani."

"Dale hakuwaza! Ni chuma cha kutobolea barafu, Verna, si benki!"

"Na yule mama wa nyama ya kusaga, aliiba benki? Mbona huyo hatukumwambia yaishe humu ndani?"

"Tusirudi huko. Nakuuliza, huo unyofu wako utakaa mlangoni kwa Rhonda usiku?"

Verna alivuta kiti. Alikaa, akavua kofia, akajisugua paji la uso mahali ambapo ukingo wake humbana kila siku. Alijiona yuko mahakamani mwezi wa Machi, Dale anainua mkono kuapa kwamba atasema kweli, na yeye ameketi nyuma yake, anajua, amenyamaza. Alijua pia kwamba siri ya watu watatu katika mji kama ule haimalizi majira. Kip akiijua akiwa kifungoni, wakili wake angeivunja hukumu nzima, na wangekuwa wamemdanganya hakimu juu ya wizi. Na mwakani polisi mwingine angechukua kitu kingine, kikubwa kidogo kuliko hiki, sababu yake iko tayari mdomoni.

"Nitamwandikia mwendesha mashtaka leo," akasema.

"Mungu akusaidie."

Verna hakutaka Rhonda ayasikie mgahawani. Alimfuata mwenyewe kwenye nyumba ya wageni alikofanya kazi, akamkuta chumba cha kufulia, anakunja taulo. Alimweleza yote, wima, mikono nyuma. Rhonda alisikiliza huku anakunja. Lile kovu lililo juu ya jicho lilikuwa bado jekundu.

"Kwa hiyo Dale kaiba," akasema mwishowe, "halafu anayelipa ni mimi."

"Ndiyo. Wewe pia utalipa. Isipokuwa utoe ushahidi mwenyewe."

"Nitoe ushahidi!" Rhonda akatupa taulo juu ya lundo. "Ndugu zake Kip wanne wako mtaa ule ule. Sajenti, wewe utalala kwangu mpaka lini? Mpaka watoto wakue?"

Verna akanyoosha mkono achukue taulo akunje; Rhonda akaivuta.

"Machi iko pale tu. Mwezi mmoja! Ulishindwa kufumba mdomo mwezi mmoja?"

"Ningefumba, ningekuwa nimeiba pamoja naye."

"Mimi ningekusamehe," Rhonda akasema, na akachukua taulo nyingine.

Verna alitoka akakaa garini bila kuwasha injini mpaka kioo kikaingia ukungu. Aliwaza kwamba watu watasema yeye ndiye aliyemtoa Kip, na kwa wiki nyingi ndivyo walivyosema. Haikuwa kweli. Aliyemtoa Kip ni Dale, siku aliponyoosha mkono barazani kwa marehemu akiwa na beji kifuani. Polisi anapewa neno ambalo mahakama inaliamini kuliko la mtu mwingine. Akiiba hata msumari, anakuwa ameiba na lile neno, na lile neno halikuwa lake. Lilikuwa la Rhonda. Verna aliyaamini hayo wakati ule na akaendelea kuyaamini. Hayakumpunguzia uchovu hata kidogo.

Dale alikiri mbele ya hakimu bila wakili, akasimama wima, akalipa faini ileile anayolipa mwizi wa dukani. Beji akairudisha mwenyewe. Siku hizi anaendesha lori la kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu barabarani, na akikutana na Verna anainua kidole kimoja juu ya usukani kumsalimu, naye Verna anainua chake. Keekee ilitumwa Arizona kwa mpwa wa Lampi, kama sheria inavyotaka. Mpwa huyo alipiga simu kituoni kuuliza ni kifaa cha kazi gani.

Mwendesha mashtaka aliiondoa kesi ya Harju wiki moja kabla ya kusikilizwa. Kip alirudi kwenye nyumba ambayo Rhonda alikuwa ameilipia kwa mshahara wake, na Rhonda akawachukua watoto akaenda kuishi kwa dada yake Wisconsin, katika chumba kimoja. Verna alikwenda kumsaidia kupakia magodoro. Walifanya kazi mpaka gari likajaa, na Rhonda hakumsemesha neno.