Uwanja Usioota Jani

Tuanzie uwani, maana huko ndiko ilikolala kesi yote. Nyuma ya nyumba ya Bi Povu, kati ya bomba la maji na kamba ya kuanikia nguo, palikuwa na kipande cha ardhi kisichoota hata jani moja. Mvua inyeshe, jua liwake, pale peupe. Majirani walimsifia: mwenzetu wewe unafagia, sisi tunapapasa tu. Naye, maskini, akavimba kichwa kwa sifa hizo na kuendelea kumwaga maji yake ya kufulia palepale.

Jina la Bi Povu alilipata kwa sababu ya ovaroli. Mumewe alikuwa mpulizia dawa ya magugu, mtu wa kukodiwa: anabeba pampu mgongoni, anapita shamba baada ya shamba, na nyuma yake magugu yanakauka. Duka la pembejeo lilimpa ovaroli nyeupe yenye jina la duka mgongoni, kwa sharti moja tu, iwe inang'aa kila asubuhi, kwa sababu wateja wakiona madoa wataiogopa dawa. Hebu fikiria ujanja huo. Glovu hawakumpa. Barakoa hawakumpa. Walimpa weupe, na kazi ya kuutunza weupe huo wakamtupia mkewe bila hata kumjua sura.

Basi kila jioni Bi Povu aliiloweka kwenye beseni, akaifikicha kwa mikono mitupu mpaka vidole vikachunika. Na yale maji hakuyamwaga hivihivi. Maji ya bomba yalikuwa ya mgao, na mama yake alimkanya tangu utotoni asitupe maji ya povu kabla hayajafanya kazi nyingine. Kwa hiyo aliloweka shuka humohumo, akapigia deki sebule, na yaliyobaki ndiyo yakaenda uwani.

Halafu matezi yakamvimba shingoni. Akakonda, akawa anaamka nguo zimelowa jasho. Hospitali wakamkata kipande kidogo cha nyama shingoni, wakakipima, wakamwambia ni saratani ya matezi. Daktari, mtu mpole, alimuuliza kama huwa anapulizia dawa shambani.

"Hapana," akasema Bi Povu. "Mimi nafua tu."

Daktari akaweka kalamu mezani. "Mama, sitakudanganya. Wapo wataalamu wanaosema dawa hii inaweza kuleta ugonjwa kama wako, na wapo wanaokataa katakata. Siwezi kukuapia kwamba ndiyo iliyokuumiza wewe. Ila ningekuwa wewe, nisingeigusa tena."

Alipomweleza mumewe, mume akacheka. Si mtu mbaya, tuseme haki. Alikuwa amelishwa maneno mpaka akashiba. "Mama watoto, hii inaua majani, haina ugomvi na watu. Mimi nashinda nayo, umewahi kunisikia hata nakohoa?" Na huyohuyo ndiye aliyetumika kwenye maonyesho ya duka: anachovya kidole kwenye ndoo ya dawa, analamba, wakulima wanapiga makofi, wakala wa duka anatabasamu mpaka jino la mwisho. Mtu mzima, baba wa watoto, analambishwa sumu kama mtoto anavyolambishwa asali, na anaona ni heshima.

Bi Povu akayameza maneno ya mumewe. Dawa za hospitali zilimmaliza nguvu, na binti yake mkubwa, aliyekuwa na mimba yake ya kwanza, akaja kumuuguza. Asubuhi moja mama alijikokota hadi mlango wa nyuma na kumkuta binti amechuchumaa uwani, tumbo limegusa ukingo wa beseni, mikono imezama hadi viwiko. Anafua ovaroli.

"Nani amekutuma?"

"Baba. Amesema leo kuna maonyesho dukani, anaitaka ikauke mapema."

Bi Povu akaitazama ile ardhi yenye kipara chini ya miguu ya mwanawe, akaelewa. Miaka yote alidhani ni ufagio wake. Hasira iliyompanda haikuwa ya kupiga kelele. Ilimnyoosha mgongo, yeye ambaye kwa wiki kadhaa alitembea kwa kushika ukuta. Akamwambia binti anawe kwa sabuni na maji mapya, akaitia ovaroli kwenye ndoo ikiwa mbichi vilevile, akajifunga kitambaa kichwani na kushika njia.

Dukani wakulima walijaa chini ya turubai. Wakala, shati limenyooshwa kwa pasi, alikuwa akiwamwagia maneno matamu. Mume alisimama pembeni yake, karibu na ndoo ya dawa. Bi Povu akapita katikati ya watu.

"Karibu mama, kiti kile pale," akasema wakala.

"Sijaja kukaa. Huyu ni mume wangu, na hii ni ovaroli yenu. Mnasema dawa haimdhuru mtu."

"Haidhuru, mama yangu. Ukifuata maelekezo haina shida kabisa."

"Maelekezo ya kufua mimi sikupewa. Basi leo nifulie wewe. Mimi naumwa, na mwanangu ana mimba. Mara moja tu, hapahapa, mbele ya wateja wako."

Watu wakacheka, wakidhani ni utani. Wakala naye akacheka, akatazama huku na huku, akaona hana pa kutokea. "Hilo dogo," akasema. Akaenda kwenye gari lake, akafungua mlango wa nyuma, akarudi huku anavaa glovu za mpira, ndefu, za kufika viwikoni. Hakukusudia. Mkono ulijiendea wenyewe, kama wa dereva unavyofuata mkanda.

Kicheko kikakatika. Mume alizitazama zile glovu, kisha akatazama kidole chake.

"Kumbe mnazo," akasema taratibu. "Siku zote mnazo."

Wakala akaanza habari za utaratibu wa kampuni. Hakuna aliyemsikiliza. Mume akamsogelea mkewe, machozi yanamlengalenga, akataka kumshika mkono. Bi Povu akauondoa.

"Mimi usinililie," akasema. "Nenda kachimbue ule uwanja, udongo wote uutoe. Kuna mtoto atakuja kutambaa pale."