Mama mkwe wa dada katoka Austria, kapika chapati nzuri halafu akaichanachana mbele yetu

Wakuu, habari za mchana. Hili limetokea nyumbani kwetu Kang'ata, mimi mwenyewe nikiwepo, na chumvi siongezi.

Dada yangu Zaina ameolewa na mtu wa Austria. Juzi walikuja, wakamleta na mama mkwe wake, Mama Greta. Mama mpole sana, ila Kiswahili chake kinaishia "asante".

Siku ya tatu Zaina na shemeji wakaenda Korogwe mjini. Tukabaki mimi, wazee na mgeni. Mgeni akaonyesha kwa mikono kwamba leo anapika yeye.

Akataka unga wa ngano, maziwa, sukari na mayai. Mayai sita wakuu! Ute akautenga, akaupiga mpaka ukawa povu.

Akachanganya vyote, akamimina kwenye kikaango. Ikaumuka, ikawa nene, rangi safi. Mama akasema, "Huyu anajua."

Mara akachukua uma mbili, akaanza kuichanachana!

Tukatazamana. Asubuhi mama alikuwa amemnyang'anya sufuria alipotaka kuosha vyombo, maana kwetu mgeni haoshi. Mama akaninong'oneza, "Amekasirika huyu. Nimemkosea."

Mimi nikadhani imemharibikia. Nikamwambia "pole mama", nikamletea mayai mengine aanze upya. Akafurahi kweli. Akapika ya pili.

Akaichana na hiyo.

Hapo mama akaingia ndani, nikamsikia analia. Anawaza ndoa ya mwanawe. Mzee naye karudi kutoka kuswali adhuhuri, anauliza chakula. Nimwonyeshe nini? Nilikuwa confused vibaya.

Zaina aliporudi nikamvuta pembeni, nikamweleza. Akashangaa. "Kaka, ndiyo chakula chenyewe hicho. Kinaitwa Kaiserschmarrn. Lazima kichanwe, kisha kinanyunyiziwa sukari."

Akaenda kumwambia mama. Mama akatoka macho mekundu, akakaa mkekani karibu na Mama Greta, akachukua kipande kwa mkono. Mama Greta akamtazama, naye akala kwa mkono.

Mzee akamaliza sahani nzima, akashukuru, akauliza, "Chai nzuri. Sasa ugali uko wapi?"

"Baba, hiyo ndiyo lunch."

Mzee akanitazama mimi, kana kwamba nimepika mimi.

Nilichojifunza: mtu msiyeelewana naye lugha usimhukumu kwa mikono yake. Subiri wa kutafsiri, la sivyo utalia bure.

Ila kitu cha sukari kinakuwaje chakula cha mchana, bado sijaelewa. Mliofika huko nielewesheni. Na wenye wakwe wa mbali, nyie yaliwakuta yapi?