Dengu Zilizonifanya Niitwe Mama Kimea

Watu wa rika langu hapa Mwanza bado wananiita Mama Kimea, na wajukuu wao wanaitikia tu bila kujua jina limetoka wapi, basi acheni niseme mwenyewe: aibu ilinipata kweli, ilinipata mchana kweupe mtaa mzima ukitazama, lakini pombe sikupika, sijawahi kupika, na nina mvi kichwa kizima lakini hasira ya siku ile haijanitoka.

Uhuru ulikuwa umebaki wiki mbili hivi. Wanawake wa mtaa wetu tulikuwa tunagawana mapishi ya sherehe, huyu pilau, yule maandazi, yule sato wa kukaanga, na ilipofika zamu yangu mimi nikajitia ujuzi, nikasema, "Nitawaletea kitu hamjawahi kula. Ijumaa njooni kwangu muonje." (Hapo ndipo nilipojichongea. Ningesema chapati, leo nisingekuwa na hadithi.)

Kitu chenyewe ni dengu za kuotesha. Dengu hapa hazikuwa ngeni, zilikuwa zinashuka kwa malori kutoka mbugani kwa Wasukuma, lakini sisi tulizijua za kuchemsha tu. Jirani yangu Mama Kanti, Mhindi wa nyumba ya pili, ndiye aliyenifundisha: unaziloweka usiku mmoja, unamwaga maji, unazifunga kwenye kitambaa kibichi, unazisuuza asubuhi na jioni, siku ya pili unakuta zimetoa vimkia vyeupe, unazila mbichi hivyo hivyo na kitunguu, chumvi, pilipili na ndimu. Nilijaribu kikombe kimoja. Tamu! Zinalia mdomoni kama karanga mbichi.

Basi Jumatatu nikaloweka nusu debe. Nusu debe, jamani, kwa ajili ya kuonja! Kitambaa cha kutosha sikuwa nacho, Jumanne asubuhi nikazitia kwenye gunia, nikalilowanisha, nikalisukuma uvunguni mwa kitanda cha chumba cha wageni, na adhuhuri ile ile akashuka kwenye boti kutoka Nansio wifi yangu Tatu, dada wa mume wangu, kaja kula uhuru mjini. Alilala wapi? Chumba hicho hicho.

Ningemwambia tu, "Wifi, uvunguni kuna dengu zangu, nitakuwa napita kuzisuuza," yangekwisha. Lakini Tatu namjua mimi. Angecheka mpaka machozi kwamba mke wa kaka yake anakula vitu vibichi kama mbuzi, na kabla ya jioni wanawake wote wangekuwa wamesikia. Nikanyamaza. Nikawa nasubiri atoke nichukue gunia, naye hatoki, amekaa kitandani anasuka ukili. Siku tatu maji hayajagusa dengu zile, na joto la siku hizo mnalijua, lile linalotangulia mvua.

Ijumaa baada ya swala wanawake wakajaa uani. Mbele, barazani, mume wangu Athumani alikuwa na cherehani yake anamalizia kanzu ya mzee wa mtaa, kanzu nyeupe ya kuvaa siku ya uhuru, na mzee mwenyewe ameketi hapo anaisubiri na wenzake. Mimi nakatakata vitunguu. Mara nasikia kitu kinaburutwa ukumbini, natupa kisu, nakimbia, namkuta Tatu kashafika barazani na gunia langu linachuruzika ute.

"Athumani! Njoo uone mkeo anavundika nini chini ya kitanda changu! Siku tatu nanusa, nasema labda ni panya. Kumbe kimea cha pombe! Kimea nakijua harufu yake!"

(Ameijulia wapi harufu ya kimea, mtu wa swala tano? Hakuna aliyemuuliza hilo mpaka leo. Mimi ndiye niliyeulizwa.)

Mzee wa mtaa akainama, akafunua gunia, akaziba pua. Siku hizo kupika pombe nyumbani bila kibali kulikuwa kesi, na nyumba yetu ni nyumba ya Kiislamu, siku yenyewe Ijumaa.

"Mama Sauda," akaniambia, maana hilo ndilo lilikuwa jina langu kabla ya siku ile, "kibali unacho?"

"Kibali cha nini, mzee wangu? Hizo ni dengu! Ni chakula!"

"Chakula kinalala uvunguni?"

Watu wakaangua kicheko. Nikamtazama mume wangu. Athumani ameinamia kanzu, sindano mkononi. Nikageukia dirisha la Mama Kanti, nilimwona amesimama pale, ananiona na mimi namwona, nikaita, "Mama Kanti, waambie! Wewe si ndiye umenifundisha?" Dirisha likafungwa. Nakwambieni likafungwa, taratibu, kama vile ni upepo.

Hapo damu ikanichemka. Nikaingiza mkono guniani, nikachota dengu konzi nzima, nikasema, "Kimea kinaliwa hivi?" nikazitia mdomoni. Zilikuwa zinateleza kama kamasi, zimechacha, zinanuka soksi. Nikatafuna. Nikameza. Tatu akacheka, akasema, "Mtazameni, ana kiu!" Nami kwa hasira nikachota konzi ya pili.

Hiyo ya pili haikukaa. Ikarudi juu, nikatafuta pa kukimbilia, baraza imejaa watu, mbele yangu cherehani, na juu ya cherehani kanzu. Yote ikaishia pale. Kifuani kabisa, penye darizi ambazo Athumani alizishona siku nne.

Mwanamke mmoja huko nyuma akapiga kelele, "Amelewa!"

Mume wangu akasimama. Nikadhani sasa atasema. Akasema, "Mzee, nisamehe sana, nitakushonea nyingine." Basi! Kanzu ilipata mtetezi, mimi sikupata.

Gunia likamwagwa mtaroni, kuku wakalishambulia. Kesi haikuwepo, maana asubuhi yake Mama Kanti alikuja na bakuli la dengu alizokuwa ameotesha mwenyewe kwake, safi, akazila mbele ya mzee wa mtaa na kumweleza kila kitu. Akanishika mkono, akasema, "Jana niliogopa. Mume wangu alisema siku hizi tusijitie kwenye ugomvi wa watu." Nilimwelewa, lakini kumsamehe kulinichukua miezi. Mzee naye akasema, "Ah, kumbe," akaenda zake. Ah kumbe! Waliocheka walikuwa arobaini, waliosikia "ah kumbe" watatu.

Siku ya uhuru wenzangu walipakua pilau, mimi wakanipa masufuria nioshe. "Mama Kimea, usiguse chakula," wakawa wanasema, wanacheka, eti utani. Niliosha nikiwa nalia, na ngoma zinalia, na kila mtu akadhani ni furaha ya uhuru.

Athumani nilimuuliza jioni ile ya uhuru, "Ulijua sipiki pombe?"

"Nilijua."

"Sasa mbona hukusema?"

"Mambo yalikwenda haraka, mke wangu."

Tuliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo, alikuwa mume mwema, Mungu amrehemu, na jibu lile bado linaniuma.

Kosa langu nalijua, kuficha kitu kisicho na aibu ndiko kulikokipa aibu, na dengu zinataka maji. Lakini kiapo nilichokula si cha dengu, dengu nala mpaka kesho. Niliapa sitatia tena kitu kibovu mdomoni mwangu ili watu waliokwisha kunihukumu waniamini. Anayetaka kuniamini aniamini kwa mdomo wangu mtupu. Asiyetaka, njia ile pale.