Ombi Lililotangulia

Ombi la mama mdogo lilikuwa limeshafika kwenye hifadhidata ya mbali kabla programu yangu haijapata njia ya kuingia humo. Hadi leo sielewi.

Asubuhi hiyo nilikuwa ofisini mjini Kisii. Mama mdogo alipiga simu kutoka Kiogoro: ng'ombe wake wa pekee alikuwa akilia, anataka dume. Joto la safari iliyopita lilikuwa limepita daktari akiwa kwingine, na baba mdogo alikuwa ameapa kwamba likipita tena, ng'ombe atauzwa. Daktari mwenyewe, anayepandisha ng'ombe kwa mrija, alikuwa upande wa Nyamira. Simu za wafugaji alikuwa ameacha kupokea. Alifuata maombi yaliyomfikia kutoka kwenye hifadhidata hiyo, iliyo kwenye seva ya kukodi, na programu ya kuyatuma ndiyo niliyokuwa nikiijenga.

Nikajaza ombi. Kwenye sehemu ya maelezo nikaandika, "Analia tangu alfajiri, kamba karibu ikatike." Kioo kikasema limepokelewa. Ndipo nikaona bando langu la intaneti lilikuwa limeisha kitambo. Limepokelewa na nani?

Nilipochunguza, niligundua kuwa programu haikuwa imesoma mipangilio yangu. Ilikuwa imeandika ombi kwenye hifadhidata ndogo ya majaribio, ndani ya kompyuta yangu mwenyewe. Nikanunua bando, nikarekebisha anwani na nywila. Seva ikanikataa: haikuitambua mashine yangu. Nikawaandikia wanaotukodishia seva wanifungulie. Nikampigia daktari, hakushika.

Mama mdogo akapiga tena, nikamwambia mlango wa seva bado haujafunguliwa. "Hiyo mashine yako imefaulu nini, mwanangu? Ng'ombe analia, nawe unaniambia habari za mlango."

Nilikuwa bado nasubiri alipopiga mara ya tatu, anacheka. Daktari alikuwa ameshafika na kumaliza kazi. "Mashine yako ni nzito," alisema, "lakini inasikia."

Nilifunguliwa njia alasiri. Ombi lilikuwa humo, na yale maneno yangu ya kamba karibu ikatike. Daktari alisema ndilo lililompeleka Kiogoro; yeye husoma tu, haandiki. Wenye seva walisema mashine yangu haikuwa imeingia hata mara moja kabla ya alasiri hiyo.

Ng'ombe alishika mimba, na baba mdogo hazungumzii tena soko. Lile ombi sijalifuta. Penye nafasi ya aliyelituma, pana jina langu.