Gramafoni Nyekundu ya Bugolobi

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Methali hiyo naijua tangu utotoni, na bado nilimtoa baba yangu Kawempe, mzee asiyeona vizuri, mimi bintiye, nikampeleka Bugolobi, mtaa wa wenye nazo, kuonyeshwa kidonda.

Dirishani mwa duka moja walikuwa wameweka gramafoni yake. Si yake hasa. Yake ilikufa, na fundi wa mwisho aliirudisha ikiwa maiti. Hii ilikuwa imetengenezwa upya kwa sura ileile: kisanduku chekundu, mfuniko wa kufungua, mpini wa kubebea. Nilipoiona moyo uliruka. Baba alikuwa na santuri moja aliyotaka kuisikia kabla hajafa. Humo mama alirekodiwa akiwa msichana, akiimba wimbo wa harusi wa Kinubi, na mama tulimzika zamani. Sauti yake haikubaki mahali pengine popote.

Baba aliipapasa mashine, akatabasamu. Kisha akatoa sarafu mfukoni, akaiweka juu ya kichwa cha sindano. Ndivyo tulivyofanya kwetu kwenye harusi, ili sindano isiruke wanawake wakicheza ngoma yetu ya doluka na sakafu ikitetemeka.

"Muzee, usiguse! Itaharibika," alisema muuzaji, binti mwenye kucha ndefu. Aliiondoa ile sarafu kwa ncha za kucha kana kwamba ni mdudu.

Nikamuuliza betri zinaingia wapi. Haina. Spika je? Unanunua zako. Na ile kasi kubwa ya santuri za zamani?

"Hiyo spidi walitoa, nnyabo. Hii iko ya watu wa maflati, wanapenda vile inakaa sebuleni. Wengine hawana hata santuri."

Alisema bila haya, na wala hakudanganya. Walioibuni walijua wanamtafuta nani: mtu anayetaka kumbukumbu isiyo yake, ilingane na rangi ya makochi. Hata mpini niliuvuta kidogo ukacheza. Umewekwa wa kutazamwa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Niliwachukia watu hao nisiowajua, na bado nawachukia.

Baba hakuyasikia hayo, au hakutaka kuyasikia. Aliifungua santuri kutoka kwenye kitambaa chake, akaninyooshea.

"Weka tu, mwanangu."

Nikaiweka. Muuzaji aliinua mabega, akaniacha.

Ikazunguka polepole mno. Kwenye spika za duka zilizokuwa kando, sauti ya mama ikatoka nzito, ikiburuta kila neno kama mlevi anayetafuta mlango wa nyumba yake. Wateja wawili wakacheka, mmoja akainua simu aturekodi. Baba aliinamisha sikio hadi karibu na mashine, akangoja, akakunja uso.

"Mwanamume huyu ni nani?" akaniuliza.

Nikamwambia simjui.